DAP kila msimu, mahindi bado ya zambarau: kikundi kiamue vipi?

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima 27 huku Lugari, Kaunti ya Kakamega. Miaka mingi tumepanda mahindi kwa DAP, mbolea ya kupandia yenye virutubisho vya fosforasi na naitrojeni, mfuko mmoja kwa ekari. Sasa miche inageuka zambarau na mavuno yanashuka. Mwanachama mmoja alipima udongo, maabara ikasema pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, ni 4.9 (ikishuka, asidi imezidi). Mwenye duka la pembejeo anatuambia tuongeze mfuko wa pili wa DAP, afisa wa kilimo anasema tuweke chokaa, na kikundi kimegawanyika. Afisa ni mmoja kwa wadi nzima, tunamwona kwa nadra. Tuamue vipi, na kaunti tuiombe nini?

Jibu: Mama Mwenyekiti, kwa pH ya 4.9 afisa wenu yuko sahihi. Lakini neno lake halitawaunganisha wanachama, na langu pia halitawaunganisha. Kitakachowaunganisha ni vipande vinne vya shamba vilivyopimwa kwa kamba na kuvunwa kwa mizani mbele ya kila mtu.

Kwanza mjue kinachotokea chini ya ardhi. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5, madini ya alumini yaliyokuwa yametulia huanza kuyeyuka. Hufanya mabaya mawili kwa pamoja: huua ncha za mizizi, na huikamata fosforasi mnayoiweka kwa DAP kabla mmea haujaifikia. Zambarau mnayoiona kwenye majani ni njaa ya fosforasi, na inatokea ilhali fosforasi mmeinunua na iko humo humo udongoni. Tena DAP yenyewe ina naitrojeni ya amonia, ambayo ikibadilishwa na vijidudu vya udongo huacha asidi. Mfuko wa pili basi huongeza kilichofungiwa, na kwa miaka huongeza pia kinachofunga.

Hata hivyo, ile 4.9 ni ya shamba moja. Msiwawekee wote 27 chokaa kwa karatasi ya mtu mmoja, maana mwenye shamba la pH 5.8 atatupa pesa, na chokaa ikizidi hufungia zinki. Kila mmoja achukue sampuli yake. Tembea shambani kwa mtindo wa zigizaga, chimba mahali 15 hadi 20 kwa ekari, kina cha sentimita 20, ukitwaa kipande chembamba cha udongo toka juu hadi chini. Ruka penye kichuguu, palipokuwa boma la ng'ombe, chini ya miti, kando ya ua na kwenye mistari ya mbolea ya msimu uliopita. Tumia ndoo ya plastiki. Ile ya bati lenye zinki huharibu kipimo cha zinki. Changanya vizuri, tandaza, gawa mara nne, tupa robo mbili zinazotazamana, rudia hadi ibaki kama nusu kilo. Anika kivulini, usiweke juani wala karibu na moto. Lebo iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufutika kwa unyevu. Maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, pale Kabete hupokea sampuli, na mkizipeleka kwa pamoja nauli inakuwa moja. Omba mapendekezo ya kiasi cha chokaa, usiridhike na pH pekee, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi na udongo wa kichanga wenye pH moja hauhitaji chokaa sawa.

Sasa shamba darasa. Chagueni mashamba matatu ya wanachama, yawe mbalimbali, maana shamba moja linaweza kudanganya. Katika kila moja pimeni vipande vinne, kila kimoja mita 10 kwa mita 9, na njia ya mita moja katikati. Vyote vinne pamoja na njia zake havifiki sehemu ya kumi ya ekari. Cha kwanza ni mazoea yenu: DAP mfuko mmoja kwa ekari. Cha pili ni ushauri wa duka: DAP mifuko miwili. Cha tatu ni ushauri wa afisa: chokaa pamoja na DAP mfuko mmoja. Cha nne ni chokaa bila DAP, na msikiache hiki, kwa sababu kuna mwanachama atakayedhani kwamba chokaa ni mbolea na mwakani asinunue mbolea kabisa. Kipande cha nne kitamjibu.

Vipande vikiwa kwenye mteremko, vya chokaa vikae upande wa chini na mchimbe mfereji mdogo katikati, la sivyo mvua ya kwanza itabeba chokaa hadi kwa majirani zake. Zaidi ya hapo, nafasi ya kila kipande iamuliwe kwa kura ya bahati nasibu, si kwa mapendeleo ya mtu. Kosa linaloua mashamba darasa mengi ni kile kipande kinachopendwa kuwekwa penye rutuba, karibu na zizi, halafu ushindi wake hauna maana.

Kama bado hamna pendekezo la maabara kwa mashamba hayo, tani 2 kwa hekta ni kiasi kinachofaa kwa jaribio. Hiyo ni karibu kilo 800 kwa ekari, mifuko 16 ya kilo 50, na kwa kipande chenu ni kilo 18. Mashamba matatu yenye vipande viwili vya chokaa kila moja yatakula kilo 108, kwa hiyo mifuko mitatu inawatosha na chenji inabaki. Nunueni chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa kama inayotoka Koru, Kaunti ya Kisumu. Ile ya kupaka ukutani ni kali, huunguza ngozi na macho. Tieni kijiko kimoja kwenye siki: ikitoa povu mna chokaa, lakini povu halisemi kama imesagwa vyema. Isugueni kati ya vidole. Ikiwa kama mchanga, itakaa miaka udongoni bila kufanya kazi.

Mwagieni asubuhi kabla upepo haujaanza, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa. Gawanyeni kilo 18 mara mbili, nusu mmwage mkienda kwa urefu na nusu kwa upana, ndipo isikusanyike mahali pamoja. Changanyeni na udongo hadi sentimita 15. Chokaa haitembei, ikiachwa juu, mizizi haitaijua. Limeni vipande visivyo na chokaa kwanza ili jembe lisiibebe kwenda huko. Na ifanyeni mapema, wiki nne au zaidi kabla ya kupanda, mkijua kwamba haifanyi kazi kwenye udongo mkavu. Iliyowekwa Februari katika vumbi na kupandwa mvua ya kwanza itaonyesha nguvu zake vizuri zaidi msimu wa pili. Chokaa msiichanganye kamwe na DAP kwenye ndoo moja, kwani naitrojeni hutoroka kama hewa ya amonia, mtaisikia puani.

Siku ya kupanda, mbegu iwe aina moja, mistari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 25. Kila kipande kinapata mistari 12 yenye mashimo 40. DAP ya mfuko mmoja kwa ekari ni kilo 1.1 kwa kipande, yaani gramu 92 kwa mstari, na kipande cha pili kipate mara mbili. Pimeni kwa mizani ya jikoni, mstari kwa mstari, wala si kwa kifuniko cha soda kinachojazwa tofauti na kila mkono. Funikeni mbolea kwa udongo kabla ya mbegu. CAN, mbolea ya naitrojeni ya kukuzia, iwe sawa kwa vyote vinne, kilo 1.1 mahindi yakifika magotini. Palizi siku moja. Viwavijeshi wakiingia kipande kimoja, vyote vinne vitibiwe.

Wiki ya sita, ng'oeni mmea mmoja kutoka kipande cha pili na mmoja kutoka cha tatu. Chimbeni kwa jembe pembeni msikate mizizi, kisha mwioshe kwenye karai la maji. Mzizi ulioumizwa na alumini ni mfupi na mnene, ncha zake za kahawia, umepungukiwa na nywele nyembamba, kama vidole vilivyovimba. Wa kwenye chokaa iliyoanza kufanya kazi huwa mweupe na huteremka kama shungi. Wekeni yote miwili juu ya gunia jeupe, wanachama wazunguke waishike kwa mikono yao. Dakika hizo kumi hubadili mawazo kuliko mikutano yenu yote ya msimu.

Mavuno: acheni mistari miwili kila upande na mita moja kila mwisho, vuneni katikati tu, mistari minane kwa mita 8. Hiyo ni mita za mraba 48. Pukuchueni, pimeni uzito na unyevu siku hiyo hiyo, kwa sababu mahindi mabichi yana uzito wa maji. Toa asilimia ya unyevu kutoka 100, zidisha kilo kwa jibu hilo, gawa kwa 86.5 (yaani mahindi makavu yenye unyevu wa asilimia 13.5), kisha zidisha kwa 84.3 kupata kilo kwa ekari. Mfano: kilo 16 zenye unyevu wa asilimia 20 ni 16 mara 80 gawa 86.5, sawa na kilo 14.8; kwa ekari ni kilo 1,247, karibu magunia 14 ya kilo 90. Mkilinganisha gharama, gawanyeni bei ya chokaa kwa misimu mitatu, maana haiishi kwa msimu mmoja.

Hapa ndipo uongozi wako unapohitajika. Kabla ya kigingi cha kwanza, andikeni makubaliano na mwenye ardhi: mavuno ya vipande ni ya nani, na nani analipia pembejeo. Akiwa mwanachama ni mke na ardhi iko kwa jina la mume, mume atie sahihi pia. Vipande vingi havivunwi kwa mizani kwa sababu familia ilianza kuchoma mahindi mabichi na hakuna karatasi ya kuwauliza. Shamba lako mwenyewe, Mama, lisiwe mojawapo. Wagawe watu 27 katika makundi matano, kila kundi lishike zamu ya wiki na daftari moja: tarehe, mvua, wadudu, kazi iliyofanyika. Siku ya wakulima anayeeleza kipande ni aliyekipalilia.

Afisa wa ugani aliye na zaidi ya wakulima elfu moja hawezi kuja kila wiki, na kumlaumu hakutamleta. Mwandikieni barua Desemba, nakala kwa afisa wa kilimo wa kaunti ndogo, mkiomba siku tatu zenye tarehe: kupima vipande, mizizi ya wiki ya sita, na mavuno akiwa na kipima unyevu. Mtu mwenye tarehe tatu huzipanga; anayeambiwa "utupitie" hapiti.

Kuhusu kaunti, kilimo kiko mikononi mwake kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na fedha zake hufuata kalenda. Mpango wa mwaka wa maendeleo hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, nao unahusu mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Kwa hiyo siku yenu ya wakulima ifanyeni Julai, mahindi yakiwa yametoa mbelewele, mkimwalika mwakilishi wa wadi na msimamizi wa wadi, na ombi liwe mezani Agosti. Mizani itakuwa bado, lakini majibu ya maabara na mizizi mtakuwa nayo. Andikeni tarakimu: matokeo yakionyesha wote 27 wanahitaji, nusu ekari kila mmoja kwa mifuko 8 ni mifuko 216, tani 10.8, na usafiri hadi kituo kimoja mnachokitaja. Ambatisheni nakala ya cheti cha usajili wa kikundi na orodha ya pH za mashamba.

Hata ombi likikubaliwa, chokaa hiyo haitawafikia kabla ya Julai ya mwaka unaofuata ombi, yaani baada ya kupanda. Mifuko mitatu ya jaribio mjinunulie wenyewe mwezi huu.