Maswali na majibu: Kuta za mwamba machimboni

Mhandisi, machimbo yetu ni ya granaiti ngumu, hata nyundo inadunda. Kwa nini tunahimizwa kupima uimara wa ukuta?

Kwa sababu nyundo inapima jiwe, nanyi mnafanya kazi chini ya ukuta. Granaiti isiyo na ufa ingeweza kusimama wima mamia ya mita, lakini granaiti ya namna hiyo hamtaipata machimboni. Ukuta wenu umekatwakatwa na nyufa zilizokuwepo tangu kabla hamjaanza kuchimba, na bonge linaloanguka huwa limekwisha kutengwa na wenzake. Kwa hiyo acheni kuuliza mwamba ni mgumu kiasi gani. Ulizeni nyufa zake zimeelekea wapi.

Nyufa zimejaa ukuta mzima. Nitatambuaje zenye hatari?

Chukua dira yenye kipimo cha mwinamo, upime kila kundi la nyufa: limelalia upande gani, kwa digrii ngapi. Linganisha na ukuta wenyewe.

Tuseme ukuta umeinama digrii 75 kutoka usawa wa ardhi. Ufa ulioinama digrii 50 kuelekea shimoni utatokeza usoni mwa ukuta, na ni mkali kuliko pembe ya msuguano, yaani mwinamo ambao ukizidi jiwe huteleza kwa uzito wake, nao kwa miamba mingi migumu ni kama digrii 30 hadi 35. Bonge lililokaa juu yake lina njia ya kutelezea. Bonge lililo juu ya ufa wa digrii 20 halitateleza kwa uzito wake tu. Ufa wa digrii 80 hautokezi usoni, kwa kuwa ni mkali kuliko ukuta wenyewe. Lakini ukikuta udongo wa mfinyanzi ndani ya ufa, sahau hizo digrii 30, maana msuguano hushuka sana.

Sasa tazama nyufa mbili zinazokutana. Kila moja peke yake yaweza kuonekana haina neno, kumbe mstari zinapokatana umeinamia shimoni na bonge lenye umbo la kabari limekaa tayari kuchomoka. Hili ndilo linalowaponyoka wakaguzi wengi, nami nasisitiza lichorwe kwenye karatasi, lisikadiriwe kwa macho. Pia zipo nyufa zilizokaribia kuwa wima na kulalia ndani ya mlima: hizo huachia vipande virefu vikipinduka kwa mbele kama vitabu kwenye rafu isiyo na kizuizi.

Nyufa huwezi kuzigeuza. Ukuta unaweza kuugeuza, na mara nyingi kubadili mwelekeo wa uchimbaji hufaa kuliko kufunga nondo baadaye.

Ukuta uliosimama miaka mingi uliporomoka baada ya mvua. Je, maji yaliulainisha mwamba?

Mwamba mgumu haulainiki kwa mvua moja. Maji husukuma. Ufa wima wa mita 5 ulio nyuma ya ukuta ukijaa, unasukuma bonge kwa nguvu ya takriban tani 12 kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Maji yakiwa nusu ya kina hicho, nguvu inabaki robo, yaani tani 3 hivi. Hapo mnaona faida ya mfereji wa kukinga maji juu ya ukuta, na ya matobo yanayochorongwa kuyatoa ndani. Isitoshe, maji yakiingia chini ya bonge hulipunguzia mgandamizo unaolishikilia.

Na baruti je?

Inaharibu ukuta, hasa ikizidishwa kwenye safu ya mwisho ya mashimo, iliyo karibu na ukuta. Punguzeni hapo, na kwenye ukuta wa kudumu lipueni kwanza mashimo yaliyokaribiana yenye baruti hafifu. Mawe yaliyolegea yaangushwe kabla mtu hajasogea chini.

Tumeona ufa mpya juu ya ngazi, yaani kidato kilichochongwa kwenye ukuta wa machimbo. Tufanye nini?

Ondoeni watu na mitambo, juu na chini. Kisha, iwapo mtaalamu ameona pa kukanyagia salama, pigeni vigingi pande zote mbili za ufa, mpime umbali kati yake mara kwa mara na kuandika. Milimita 2 kila siku ni habari moja. 2, kisha 4, kisha 9 ni habari nyingine kabisa. Katika mgodi wa shaba wa Bingham Canyon, Marekani, ukuta mkubwa uliporomoka tarehe 10 Aprili 2013 bila kuua mtu, kwa kuwa mwendo wake ulikuwa ukifuatiliwa na watu walikwisha kuondolewa. Hata hivyo bonge dogo la mwamba mgumu laweza kudondoka bila dalili yoyote, hivyo vigingi havichukui nafasi ya ukaguzi wa kila zamu.

Ripoti inasema uwiano wa usalama ni 1.3. Tutulie?

Maana yake nguvu zinazolishika bonge zinazidi zinazolivuta kwa asilimia 30, na kwa kuta nyingi za machimbo hicho ni kiwango cha kawaida. Ila mwulizeni aliyeandika: alihesabu ukuta ukiwa mkavu, au nyufa zikiwa zimejaa maji? Kama ni mkavu, arudie hesabu kabla ya masika.