Krimu kuta tatu, buluu mmoja

Swali la wiki: sebule ya nyumba ya mawe Mji Mkongwe, yenye dirisha moja linalotazama uchochoro, ipakwe krimu au buluu iliyokoza? Jawabu langu: zote mbili, ila ukuta wa buluu usichaguliwe kwa kubahatisha.

Ukuta wenye dirisha uwe krimu. Ukiwa buluu, mtu akitazama dirishani macho yatamuuma, kwa kuwa mwanga wa nje umezungukwa na kiza. Ukuta unaokabili dirisha nao uwe krimu, kwani ndio unaorudisha mwanga chumbani. Buluu ikae ubavuni, nyuma ya makochi.

Usiamini kadi ya dukani. Paka kipande cha nusu mita kwa nusu mita ukutani penyewe, mikono miwili (yaani upake mara mbili), ukitazame asubuhi, alasiri na usiku taa ikiwaka. Chini ya taa ya manjano buluu iliyokoza hukaribia weusi, na krimu yenye unjano huwa kama samli.

Kwa chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 3, lita moja ya rangi ya maji, ile ya plastiki, hupaka kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Ukuta wa ubavuni wa mita 4 utataka lita 4 za buluu, maana rangi iliyokoza mara nyingi haifuniki bila ya mkono wa tatu. Krimu, mikono miwili, lita 6 zinatosha.

Haya yote ni kama ukuta umekauka. Mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka chini na hutaka kupumua. Rangi ya plastiki huuziba. Chumvi hujikusanya nyuma yake, rangi ikafanya malengelenge, ikabanduka. Kwenye krimu utavumilia. Kwenye buluu kila doa jeupe huonekana tangu mlangoni. Na fundi akikwambia apige plasta ya saruji sehemu ya chini, mkatalie: unyevu utapanda juu zaidi.

Ukipitisha kiganja karibu na sakafu kikatoka na unga mweupe, iache rangi ya plastiki. Kwangua, piga brashi kavu, rowesha ukuta kidogo, kisha paka chokaa nyepesi mfano wa maziwa, mikono minne au mitano, kila mmoja ukauke. Chokaa ya ukuta wa ubavuni itie nili. Chokaa hupauka sana ikikauka, kwa hiyo utapata samawati tu, na nili ikizidi itaachia kwenye nguo za wanaoegemea.