Maswali ya Wasomaji: Femi Gbajabiamila na Rekodi Yake katika Bunge la Nigeria

Barua kadhaa tulizopokea zinamhusu mwanasiasa mmoja wa Nigeria. Tumechagua zile ambazo majibu yake yanakamilishana, na tumezifupisha pale ilipobidi.

Ndugu Mhariri, katika taarifa za habari nimesikia jina la Femi Gbajabiamila likitajwa kuwa la mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu ya Nigeria. Rafiki yangu anadai kwamba bwana huyo aliwahi kuwa Spika. Naomba mtueleze alitokea wapi na alikaa bungeni kwa muda gani. (Msomaji wa Morogoro)

Rafiki yako amesema kweli. Femi Gbajabiamila alizaliwa mwaka 1962, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Lagos na kukubaliwa kuwa wakili mwaka 1984. Baada ya miaka kadhaa ya kazi alikwenda Marekani, akasoma sheria tena katika chuo cha John Marshall mjini Atlanta na kufanya uwakili katika jimbo la Georgia. Kipindi hicho cha Marekani kiliacha doa ambalo haifai kulificha: mwaka 2007, akiwa tayari ni mbunge nchini kwake, Mahakama ya Juu ya Georgia ilimsimamisha uwakili kwa miezi 36 kutokana na kosa lililohusu fedha za mteja, na wapinzani wake walilifufua jambo hilo alipowania uspika.

Bungeni aliingia mwaka 2003 kupitia chama cha AD (Alliance for Democracy), akiwakilisha jimbo la uchaguzi la Surulere ya Kwanza mjini Lagos. Bunge la Nigeria lina mabaraza mawili, yaani Seneti yenye viti 109 na Baraza la Wawakilishi lenye viti 360, na yeye maisha yake yote ya ubunge yalipita katika hilo la pili. Alishinda chaguzi 6 mfululizo, jambo lisilo la kawaida katika nchi ambayo wabunge wengi huangushwa kwenye kura za maoni za vyama vyao hata kabla ya kuwafikia wapiga kura. Jina la chama chake lilibadilika mara kadhaa, kutoka AD hadi AC (Action Congress), kisha ACN (Action Congress of Nigeria), na hatimaye APC (All Progressives Congress) mwaka 2013, lakini mabadiliko hayo yalitokana na vyama kuungana na kuundwa upya. Muda wote huo alibaki katika kambi ileile ya kisiasa ya Lagos iliyoongozwa na Bola Tinubu, gavana wa zamani wa Lagos aliyekuja kuwa Rais mwaka 2023.

Kuanzia mwaka 2011 hadi 2015 alikuwa Kiongozi wa Walio Wachache, akisimama karibu kila wiki kuibana serikali ya Rais Goodluck Jonathan. APC iliposhika madaraka akawa Kiongozi wa Walio Wengi, na kuanzia Juni 2019 hadi Juni 2023 akawa Spika. Alijiuzulu ubunge tarehe 14 Juni 2023, mara tu baada ya Bunge jipya kuzinduliwa, ili aende Ikulu kumtumikia Rais Tinubu.

Je, ni kweli kwamba mwaka 2015 chama chake kilimteua kuwa Spika, naye bado akashindwa? Iliwezekanaje? (Msomaji wa Tabora)

Ni kweli. APC ilikuwa na wabunge wengi na viongozi wake walimtaka Gbajabiamila, lakini Spika huchaguliwa na wabunge wenyewe, na tarehe 9 Juni 2015 sehemu ya wabunge wa APC waliungana na wale wa upinzani wakampa Yakubu Dogara, mbunge mwingine wa APC, kura 182 dhidi ya 174. Miaka 4 baadaye mambo yaligeuka kabisa, kwani Gbajabiamila alipata kura 281 na mpinzani wake, Umar Bago, akapata 76.

Mhariri, nilisoma kwamba wakati wa korona Spika huyu alitaka kupitisha sheria ya kuwafungia watu kwa nguvu. Nataka kujua kama ni uzushi. Vilevile nauliza: kazi ya Spika inahesabiwaje, maana kila sheria hupitia mezani kwake? (Msomaji wa Nairobi)

Tuanze na swali lako la pili, kwa sababu magazeti mengi ya Nigeria hulijibu kwa kutaja idadi ya miswada tu. Mbunge anaweza kuwasilisha miswada mingi ambayo ilisomwa mara ya kwanza, maana yake Katibu wa Bunge alisoma jina la muswada tu, kisha ikalala humo hadi Bunge lilipomaliza muda wake. Muswada huwa sheria baada ya kujadiliwa kwenye kusomwa mara ya pili, kupita kwenye kamati na vikao vya kusikiliza wananchi, kusomwa mara ya tatu, kukubaliwa na Seneti kwa maneno yaleyale, na hatimaye kutiwa saini na Rais, ambaye Katiba ya mwaka 1999 inampa siku 30. Kwa Spika inabidi pia kutenganisha miswada aliyoiandika mwenyewe na ile iliyopita tu wakati ameshika kiti. Sheria ya Sekta ya Petroli, kwa mfano, ilitiwa saini Agosti 2021 baada ya kuzungushwa bungeni tangu mwaka 2008. Kuimaliza ilikuwa sifa kubwa kwa Bunge aliloliongoza, lakini muswada wenyewe ulitoka serikalini.

Sasa muswada wa magonjwa ya kuambukiza. Huo ulikuwa wake, pamoja na wabunge wenzake wawili, na si uzushi. Tarehe 28 Aprili 2020 ulisomwa mara ya kwanza na ya pili katika siku moja, huku baadhi ya wabunge wakilalamika kwamba hawakupewa hata nakala. Ulilenga kufuta Sheria ya Karantini ya mwaka 1926, ambayo faini yake kwa anayevunja masharti ilikuwa naira 200, kiasi ambacho leo hakimtishi mtu yeyote, kwa hiyo haja ya sheria mpya ilikuwepo. Ubaya ulikuwa kwamba ulimpa mkurugenzi mkuu wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa mamlaka mapana ya kumzuilia mtu anayeshukiwa kuwa na maambukizi na kufunga majengo, na wanasheria walipousoma waligundua kwamba sehemu kubwa ya vifungu ilifanana na sheria ya Singapore. Wananchi walipiga kelele kwa haki kabisa. Spika aliutetea kwanza, kisha akakubali uende kwenye kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, na haukuwa sheria. Kwa maoni yangu, hilo ndilo kosa lake kubwa zaidi bungeni: wakati wa hofu wananchi wanahitaji mjadala mrefu zaidi kuliko siku za kawaida, naye aliufupisha.

Haki inadai nitaje pia jambo lililo upande wa pili. Katika marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi mwaka 2021, yeye ndiye aliyependekeza kwamba vyama vyote vilazimike kuteua wagombea kwa kura ya moja kwa moja ya wanachama, badala ya kuwaachia wajumbe wachache. Wajumbe hao, kama kila Mnigeria ajuavyo, walikuwa wakikusanywa hotelini na kupewa fedha, na mara nyingi ni gavana aliyeamua wawe akina nani. Magavana waliupinga muswada, na Desemba 2021 Rais Muhammadu Buhari alikataa kutia saini, akitaja gharama, usalama na haki ya vyama kujichagulia utaratibu. Bunge lingeweza kumshinda kwa theluthi mbili ya kura katika kila baraza, lakini halikujaribu. Lilikubali vyama vichague kati ya kura ya moja kwa moja, wajumbe na maafikiano, na sheria ikatiwa saini tarehe 25 Februari 2022. Miezi michache tu baadaye, mchujo wa wagombea urais katika vyama vikubwa vyote viwili, APC na PDP, uliamuliwa na wajumbe. Pendekezo lile lilikuwa jema, na naona Bunge lilirudi nyuma mapema mno.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Dar es Salaam na nasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi. Nimesikia kwamba Nigeria ilipata sheria ya mikopo ya wanafunzi mwaka 2023 tu, na kwamba mwanzilishi wake ni huyo Gbajabiamila. Inafanana na yetu? Na je, inafanya kazi? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Ndugu mwanafunzi, muswada ulikuwa wake kweli, na aliurudisha zaidi ya mara moja katika Mabunge tofauti hadi ukapita. Rais Tinubu aliutia saini tarehe 12 Juni 2023, wiki mbili baada ya kuapishwa. Nigeria ilikuwa imejaribu mikopo zamani, kwanza kwa bodi iliyoundwa miaka ya 1970 na tena kwa benki ya elimu mwaka 1993, na mara zote mpango ulikufa. Bodi yenu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, kwa hiyo ninyi mliwatangulia kwa karibu miongo miwili. Dhamira ya Gbajabiamila ilieleweka hasa baada ya mwaka 2022, ambapo wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa miezi 8, na yeye kama Spika akawa miongoni mwa wasuluhishi kabla mgomo haujasitishwa Oktoba 14.

Lakini soma vifungu vyenyewe. Sheria ya 2023 ilisema mkopo hauna riba, na hapo ilikuwa na huruma. Kisha ikasema mwombaji awe anatoka katika familia yenye kipato kisichofika naira 500,000 kwa mwaka. Wakati huo kima cha chini cha mshahara kilikuwa naira 30,000 kwa mwezi, sawa na 360,000 kwa mwaka. Baba mfagizi na mama mpishi wa shule, wote wakilipwa kima cha chini, walikuwa na 720,000 kwa pamoja, na mtoto wao akahesabiwa kuwa si maskini wa kutosha. Aliyepita hapo alitakiwa kuleta wadhamini wawili, kwa mfano mtumishi wa serikali wa daraja la 12 au zaidi, au wakili mwenye uzoefu wa miaka 10. Familia isiyo na nusu milioni kwa mwaka inamfahamu wapi wakili wa namna hiyo, na wakili gani atamdhamini mtoto asiyemjua? Kifungu kingine kilimzuia mwanafunzi ambaye mzazi wake aliwahi kushindwa kulipa mkopo, yaani mtoto aadhibiwe kwa deni la mzazi. Na atakayekwepa kulipa alitishiwa faini ya naira 500,000 au kifungo cha miaka miwili, au vyote kwa pamoja. Fedha zilikuwa za ada tu, si za chakula wala malazi.

Sheria hiyo haikumkopesha mwanafunzi hata mmoja. Serikali ileile iliyoitia saini iliipeleka tena bungeni, na tarehe 3 Aprili 2024 ikafutwa na kubadilishwa na nyingine iliyoondoa kikomo cha kipato na kile kifungu cha mzazi mwenye deni, na kuupa mfuko wa mikopo, unaojulikana kama NELFUND, hadhi ya taasisi yenye nguvu za kisheria. Maombi yalianza kupokelewa kwa mtandao Mei 24 mwaka huo, na tangu Julai vyuo vikaanza kulipwa ada moja kwa moja, huku wanafunzi waliokubaliwa wakipewa pia naira 20,000 kwa mwezi za kujikimu.

Kuhusu kulipa, mhitimu wa Nigeria huanza miaka miwili baada ya kumaliza mwaka wake wa utumishi wa taifa, na sheria ya kwanza iliweka makato ya asilimia 10 ya mshahara, wakati wewe utakatwa asilimia 15 ukishaajiriwa.

Umeuliza kama inafanya kazi. Ile ya 2024 inafanya kazi, na Gbajabiamila anastahili kutajwa kuwa ndiye aliyelibeba wazo hili bungeni wakati wengi walishalikatia tamaa. Vifungu vilivyowafungia mlango maskini navyo vilikuwa katika muswada wake, na vimo katika rekodi yake pamoja na hilo wazo.