Bangkok na shemeji: anzieni mtoni

Ndugu, umeuliza wewe na mkeo muanzie wapi siku mbili za kwanza Bangkok. Anzieni mtoni. Sisi siku ya kwanza tulipanda teksi, foleni ikatula asubuhi nzima. Kesho yake tukapanda treni ya juu hadi kituo cha Saphan Taksin, gati liko hapo hapo chini, tukachukua boti ya abiria ya mto Chao Phraya mpaka gati la Tha Tien. Hapo mnaingia hekalu la Wat Pho kuona sanamu ya Buddha aliyelala, yenye urefu wa mita 46, kisha mnavuka kwa kivuko hadi hekalu la Wat Arun. Kwa ajili ya mahekalu, shemeji abebe mtandio wa kujifunika, nawe uvae suruali ndefu. Usiku mle Yaowarat, mtaa wa Wachina. Kama hamli nguruwe, ulizeni kabla ya kuagiza.