Springi fupi au koilova? Anza na shoki

Mtu akitaka kushusha kimo cha gari hapa Nakuru, swali lake la kwanza huwa bei. Springi fupi ni nafuu, koilova (seti ya springi na shoki pamoja) ni ghali, basi anachukua springi. Mimi humwambia aanze na shoki zilizo kwenye gari lake, yaani zile bomba za oili zinazotuliza mruko wa springi.

Springi fupi huwekwa mahali pa zile za kiwandani, shoki zikabaki zilezile. Zikishusha milimita 25 hadi 30 na shoki ziwe nzima, gari la kwenda kazini halina neno; Subaru Impreza yangu iko hivyo na mama mkwe hupanda bila kulalamika. Lakini shoki sasa inashinda imebonyea, na springi ambayo shoki hiyo inapaswa kuituliza ni ngumu kuliko ya zamani. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa tayari yametumika miaka kadhaa. Lala chini uangalie: ukikuta oili imeganda na vumbi ikawa tope jeusi mwilini mwa shoki, springi fupi zisubiri. Na ukishajumlisha shoki nne mpya, bei inasogea karibu na koilova.

Kipimo ninachokiamini hakigharimu kitu. Inua ule mfuko wa raba unaozuia vumbi, ufunge kamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye mti unaong'aa wa shoki, uisukume chini hadi iguse sili ya mdomoni mwa shoki. Kisha pita njia zako za kawaida ukiwa umepakia familia, na matuta yote ya kuelekea Njoro. Ukirudi utaikuta kamba imepanda. Nafasi iliyobaki kati yake na raba ya kuzuia mgongano ndiyo akiba yako. Ikiwa ni sentimita mbili nawe unataka kushusha tatu, jiandae kugonga raba hiyo mara kwa mara.

Koilova ina springi na shoki zilizoundwa pamoja, na kimo unakirekebisha kwa nati zinazozunguka kwenye nyuzi. Tafuta zile ambazo kitako cha chini nacho hujizungusha, maana hapo unashusha gari bila kula mwendo wa shoki, yaani nafasi yake ya kubonyea. Za bei ya chini hushusha kwa kuteremsha kiti cha springi tu. Ukizidisha, springi inalegea gurudumu linaponing'inia. Nyingine zina vishikio vya juu vya chuma badala ya raba, na kwenye barabara za ndani za Bahati hulia kama kokoto ndani ya kopo.

Halafu kuna vumbi na tope. Nyuzi zisipooshwa na kupakwa grisi, nati hushika kutu, na koilova isiyozunguka ni springi fupi uliyoilipia mara mbili. Kwa hiyo kama huna mpango wa kushika spana, au kuinua gari kabla ya kwenda kubeba viazi Mau Narok, usiinunue. Kwa gari la kila siku mimi huchagua springi za wastani na shoki mpya.

Kukata springi kwa grainda sijadili. Ile iliyokatwa inaweza kuhama kitini gari linaporuka.

Lolote utakalochagua, liache gari likae siku chache kabla ya alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu. Ukiiruka, tairi zitaliwa upande wa ndani, mahali ambapo huangalii unapoliosha.