Maganda ya magnum: mdomo unaopasuka, risasi inayotambaa

Barua za safari hii zinahusu kujaza upya maganda ya bastola za silinda zenye nguvu (magnum); majina kama .44 Magnum na .357 ni aina za raundi. Katika majibu, "risasi" ni kile kipande kinachoruka, na "raundi" ni ganda lililokamilika: ganda, fataki (kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na risasi yake. Uzito wa baruti hatuutoi hapa. Usomwe kwenye jedwali la sasa la mtengenezaji wa baruti yenyewe, kwa risasi ileile unayoitumia. Kibali cha kisheria na miwani ya kukinga macho hatutavirudia katika kila jibu, lakini bila hivyo kazi isianze.

SWALI: Bastola yangu ni ya .44 Magnum, tundu sita. Nikipiga raundi tatu au nne nilizojaza mwenyewe, silinda inagoma kuzunguka. Nikitazama mbele naona risasi moja imechomoza nje ya silinda. Nimezidisha kukunja mdomo wa ganda lakini hali imekuwa mbaya zaidi. Nifanye nini?

JIBU: Bastola inaporuka nyuma, uso wa silinda husukuma ukingo wa ganda, na ganda lote huenda nyuma pamoja na bastola. Risasi ni nzito na haitaki kuondoka pale ilipo. Ganda likikimbia na risasi ikabaki, kwa macho yako risasi ndiyo imetambaa mbele. Kadiri risasi ilivyo nzito na bastola ilivyo nyepesi, ndivyo mvutano unavyozidi.

Wengi hukimbilia kukunja mdomo kwa nguvu, kama ulivyofanya, na hapo ndipo kosa lilipo. Kazi kubwa ya kuishika risasi hufanywa na ukuta wa ganda unaoikumbatia. Mkunjo wa mdomo ni msaidizi. Ukikunja kupita kiasi, shaba haina pa kwenda, hivyo ukuta hufura kidogo chini ya mdomo na kuiachia risasi. Umeongeza mkunjo, umepoteza mshiko. Raundi kama hiyo pia huingia kwa shida kwenye tundu la silinda.

Anza na kipanuzi, yaani kile kijiti kinachoingia ndani ya ganda kabla ya kuweka risasi. Kipime kwa kalipa. Kinatakiwa kiwe chembamba kuliko risasi kwa milimita 0.05 hadi 0.08. Risasi ya .44 yenye koti la shaba ina kipenyo cha milimita 10.90 hivi, basi kipanuzi kisizidi 10.85. Kikiwa kinene, kifunge kwenye drili na ukipunguze kwa msasa laini, ukipima kila mara, maana kilichoondoka hakirudi.

Kisha pima urefu wa maganda. Kikomo cha ganda la .44 Magnum ni milimita 32.64, na wengi huyakata yote yawe 32.39. Urefu wenyewe si hoja kubwa kama kulingana. Kalibu ya kukunja, yaani chombo cha chuma kinacholibana ganda na kulipa umbo, hufika mahali palepale kila mara; ganda refu litakunjwa mno, fupi litaguswa tu. Ukichanganya maganda ya urefu mbalimbali katika kikao kimoja, baadhi ya raundi zitashika na nyingine zitatambaa, na hutajua ni zipi.

Mwisho, tenganisha hatua mbili: kwanza zamisha risasi mpaka mfereji wake, ule mchirizi unaoizunguka ubavuni, ulingane na mdomo wa ganda, halafu, kwa kalibu nyingine au kwa kurekebisha ileile, ukunje mdomo uingie mferejini. Ukifanya yote kwa mkupuo mmoja, mdomo unauma wakati risasi bado inashuka, na risasi ya madini laini itachunwa ubavu.

Majaribio ni mawili. Kabla ya kukunja, simamisha raundi kichwa chini juu ya meza na uisukume kwa dole gumba kwa nguvu zako zote: risasi isizame hata kidogo. Baada ya kukunja, pima urefu wa raundi moja, iweke tundu la mwisho, piga tano za mwanzo, itoe uipime tena. Ikiwa imerefuka, rudi kwenye kipanuzi. Usirudi kwenye mkunjo.

SWALI: Maganda yangu ya .357 yanapasuka mdomoni baada ya kujazwa mara nne au tano. Yale meupe yaliyopakwa nikeli ndiyo hutangulia. Nayasafisha vizuri kwa dawa ya kung'arishia shaba.

JIBU: Hiyo dawa iache leo hii. Nyingi zina amonia, na amonia ni adui wa shaba iliyokazwa. Katika karne ya 19 jeshi la Waingereza nchini India liliona maganda yakipasuka ghalani wakati wa mvua bila kupigwa hata mara moja. Yalikuwa yamehifadhiwa karibu na mazizi ya farasi, na mkojo wa farasi hutoa amonia. Chanzo chenyewe kilikuja kuelezwa kikamilifu mwaka 1921. Tumia punje za magunzi ya mahindi kwenye mashine ya kutikisa, au maji yenye sabuni ya vyombo na asidi ya sitriki kidogo, kisha suuza na ukaushe kabisa. Unyevu uliobaki kwenye tundu la fataki huharibu raundi.

Lakini hata bila amonia mdomo huchoka. Ganda ni asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki, na mchanganyiko huo hukakamaa kila unapokunjwa na kunyooshwa, kama waya unaopindwa huku na huku. Katika kila mzunguko mdomo hufutuliwa na gesi, hubanwa na kalibu, hufunguliwa na kipanuzi, hukunjwa tena. Pale unapoweza kupunguza ni kwenye kufungua: mdomo upanuke kiasi cha kitako cha risasi kukaa bila kukwaruzwa, basi. Ukiuona umetanuka kama tarumbeta, umezidisha. Nikeli nayo ni ngumu kuliko shaba na haipendi kukunjwa, ndiyo maana meupe hutangulia.

Lililopasuka halina dawa. Libonde kwa koleo kabla ya kulitupa ili lisirudi mezani kwa bahati mbaya. Chukua machache mkononi uyatikise: lenye ufa hulia kwa sauti iliyopooza, tofauti na wenzake, na sikio hulinasa kabla ya jicho.

Kuhusu kulainisha kwa moto, ambako wenye bunduki ndefu hukusifu: kwa ganda fupi la bastola hatukushauri. Joto la mdomo hufika kitakoni haraka, na kitako kilicholainika hakiwezi kubeba shinikizo la magnum.

SWALI: Maganda yangu ya .357 hayatoki kwenye silinda mpaka nigonge fimbo ya kutolea. Fataki zinaonekana za kawaida, hazijabapa. Bado baruti yangu iko chini ya kikomo cha jedwali. Ni salama?

JIBU: Acha kupiga kwanza. Usizitegemee fataki, umbo lake hutofautiana kwa mtengenezaji na haliwezi kukuambia shinikizo kwa uhakika. Kugoma kutoka ni ishara nzito zaidi.

Safisha matundu ya silinda. Kama umekuwa ukipiga .38 Special humo, ganda lake ni fupi kuliko la .357 kwa milimita 3.4, na huacha pete ya masizi mbele ya mdomo wake. Ganda refu hukwama kwenye pete hiyo. Baada ya kusafisha, piga tena na uweke alama: likigoma tundu moja tu, tundu hilo lina mikwaruzo. Yakigoma yote, punguza baruti, jedwali liseme lisemavyo (baruti ya H110 ina mpaka wake, tazama swali la mwisho). Bastola iliyopimiwa jedwali si bastola yako.

SWALI: Nimepewa maganda ya .454 Casull na ya .500 S&W. Naweza kutumia fataki za bastola?

JIBU: .454 Casull hutumia fataki ndogo ya bunduki. Ile ndogo ya bastola huingia bila shida kwa sababu vipimo ni sawa, na hapo ndipo hatari ilipo: kikombe chake ni chembamba, ilhali shinikizo la .454 lina kikomo cha pauni 65,000 kwa inchi mraba, karibu mara mbili ya 36,000 za .44 Magnum.

Maganda ya .500 yako ya aina mbili. Ya mwanzo yalitengenezwa kwa fataki kubwa ya bastola, ya baadaye kwa fataki kubwa ya bunduki. Ya bunduki ni ndefu kidogo, hivyo ukiitia kwenye tundu la bastola itachomoza. Fataki ya bastola yoyote ya silinda ikae chini ya uso wa kitako kwa milimita 0.08 hadi 0.13. Ipitishie kidole, ikichomoza itasugua fremu na silinda itakwama.

SWALI: Nataka raundi nyepesi za mazoezi. Nipunguze baruti ya H110 kwa robo?

JIBU: Hapana. H110, ambayo ni baruti ileile ya Winchester 296, huwaka sawasawa ikiwa imejaa vizuri na imebanwa. Mtengenezaji wake anaonya isipunguzwe zaidi ya asilimia 3 chini ya kipimo cha jedwali. Ikipungua, huweza kuwaka nusunusu na risasi ikabaki ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu hufura au hupasuka.

Kwa mazoezi tafuta baruti inayowaka haraka, yenye jedwali la raundi nyepesi. Tahadhari yake ni kinyume: hujaza sehemu ndogo tu ya ganda, hivyo vipimo viwili huingia bila kumwagika. Panga maganda 50 kwenye kibao, na kabla ya kuweka risasi yoyote mulika tochi ndani ya kila moja. Kina cha baruti kilingane katika yote 50. Ukilitilia shaka moja, limwage ulipime upya kwa mizani. Na siku ya kupiga, mlio ukiwa hafifu usivute tena: fungua silinda, toa raundi zote, upitishe fimbo mtutuni mpaka uione upande wa pili.