Mtoto mgonjwa wa akili anapochanganya maneno, yaandike

Mtoto wa kaka yangu, ninayemlea hapa Morogoro, ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga mawazo, ambao ni nadra sana kuanza kabla ya miaka 13. Watu huniuliza kuhusu sauti anazozisikia peke yake, ilhali kinachotutaabisha kutwa ni mazungumzo ya kawaida.

Nilipomuuliza kama amekula shuleni, alinijibu: "Uji una sukari, shangazi, sukari inatoka Kilombero, basi la Kilombero lina taa nyekundu, mimi sikupanda." Kila kipande kinaeleweka, lakini swali langu halikujibiwa. Mara nyingine husema "walimchukua, akalia," asitaje waliochukua wala aliyelia. Zipo pia siku ambazo hutoa neno moja tu, nazo naziogopa zaidi, kwa kuwa majirani humsifu kwamba ametulia.

Ushauri wangu ni kuwa na daftari. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, bila kuyanyoosha, pamoja na swali ulilomuuliza, saa, alivyolala na kama alimeza dawa. Kumwambia daktari kwamba mtoto "anaongea ovyo" hakumsaidii sana; akiyasoma maneno yenyewe, ana pa kuanzia katika kupambanua mawazo yanayorukaruka, uzito wa ulimi unaoletwa na dawa, au kifafa, ambacho nacho huweza kuvuruga usemi. Umri nao una uzito wake. Daktari Rochelle Caplan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyechunguza mazungumzo ya watoto wenye skizofrenia, alionyesha kwamba kurukia mambo yasiyohusiana ni nadra kwa watoto wenye afya waliopita miaka 7. Kwa hiyo hadithi za mtoto wa miaka 4 zisikukoseshe usingizi.

Unapozungumza naye, toa agizo moja kwa wakati: "Chukua ndoo," kisha, akishaichukua, "Kateke maji." Akikuchanganya, muulize "Nani alilia?" badala ya kumfokea kwamba haeleweki. Mwombe mwalimu naye afanye hivyo, na umweleze kwamba kimya cha mtoto huyu si kiburi, maana viboko havijawahi kupanga mawazo ya mtu.

Wanaotaka kumwombea sina ugomvi nao, mradi dawa zisikatizwe. Usemi ukiwa mzito ghafla, taya likikakamaa au mate yakimtoka, mrudishe hospitali siku hiyohiyo na daftari lako, wala usipunguze dozi mwenyewe.